Msambao, na Ngazi za Ziwa Kivu

Walimu wengi wa sayansi hufundisha msambao kwa chupa ya marashi. Mwalimu anaifungua mbele ya darasa, na punde mwanafunzi wa dawati la nyuma ananyoosha mkono: ameisikia harufu. Mfano unapendeza, ila una kasoro. Molekuli za marashi zikiachiwa zijiendee zenyewe katika hewa iliyotulia kabisa, zitachukua zaidi ya wiki nzima kufika umbali wa mita nne. Kilichoipeleka harufu nyuma ya darasa ni hewa yenyewe: mlango ulioachwa wazi, pumzi na joto la wanafunzi, hatua za mwalimu. Huo ni upepo, hata kama haukupeperusha karatasi.

Msambao ni kitu kingine, cha polepole mno. Molekuli za kitu chochote hazitulii. Zinagongana na kuyumba huku na huku bila mpango. Penye msongamano zipo nyingi, kwa hiyo zinazohama kutoka hapo huzidi zinazorudi, na mwishowe tofauti hupungua. Hakuna anayezisukuma. Ndiyo maana kitenzi kinachofaa ni kusambaa, si kusambaza. Usambazaji una msambazaji, mara nyingi mwenye lori. Halafu ukiwa Goma au Bukavu utazua kicheko, kwani sambaza kule ni dagaa wa Ziwa Kivu, na huuzwa kwa mafungu.

Vitabu vingine huandika difyusheni. Sina ugomvi na maneno ya kukopa. Molekuli na methani ni yetu sasa. Shida ya difyusheni ni kwamba haizai kitenzi. Mhandisi anataka kusema chumvi inasambaa, imesambaa, haijasambaa vya kutosha, na neno lililoganda kwenye nomino halimsaidii. Wapo pia wanaosema mtawanyiko. Hilo ningeliwekea kazi yake: moshi wa kiwanda unapobebwa na upepo ukapungua makali kadiri unavyokwenda mbali, umetawanyika. Nakubali kwamba msambao nao si safi kabisa. Habari husambaa mjini, na habari ina wabebaji wake. Lakini kila istilahi iliyotoka mtaani huja na vumbi kidogo.

Hesabu yake iliandikwa mwaka 1855 na Adolf Fick, Mjerumani aliyesomea udaktari, akipima jinsi chumvi iliyowekwa chini ya chombo inavyopanda kwenye maji. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kinachotokea kwa chembe moja moja: muda unaohitajika hukua kwa mraba wa umbali. Umbali ukiongezeka mara kumi, muda huongezeka mara mia. Kwa chumvi ndani ya maji yaliyotulia, sentimita moja ni saa tisa hivi. Mita moja ni miaka kumi. Kwa mita mia kadhaa tunazungumzia zaidi ya miaka milioni moja, na hapo ndipo Ziwa Kivu linapoingia.

Ziwa hilo, lililo kati ya Rwanda na Kongo, lina kina cha mita 485 panapozidi. Chini kabisa, chemchemi huingiza maji ya moto yenye chumvi, pamoja na hewa ukaa itokayo kwenye miamba ya volkano. Methani nayo hutengenezwa na vijidudu. Makadirio yanayotumika sana yanasema gesi hizo, zingepimwa zikiwa huku juu, zingefika kilomita za ujazo 300 hivi za hewa ukaa na 60 hivi za methani. Zimeyeyuka, zinashikiliwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Watu wa Kivu wanajua kilichotokea Ziwa Nyos, Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986: ziwa dogo zaidi kwa mbali lilipumua hewa ukaa na kuua watu zaidi ya 1,700.

Cha kushangaza ni kwamba chini ya Kivu maji ni ya moto kuliko katikati. Karibu na kitako ni nyuzi 26 hivi, wakati kwenye kina cha mita 80 hazifiki 23. Kwa kawaida maji ya moto hupanda. Wanaoandika fizikia kwa Kiswahili huuita mwendo huo myuko. Hapa hayapandi, kwa sababu chumvi na hewa ukaa zimeyafanya mazito kuliko joto linavyoweza kuyafanya mepesi. Joto linataka yapande, chumvi inayazuia.

Ila washindani hao hawana mbio sawa. Ndani ya maji, joto husambaa takriban mara mia moja haraka kuliko chumvi. Chukua mpaka kati ya tabaka mbili. Joto la chini linavuka mpaka, chumvi inabaki nyuma. Maji yaliyo juu tu ya mpaka yanapashwa na kuanza kujikoroga ndani ya tabaka lake. Yaliyo chini ya mpaka yamepoa, yanazama kidogo na kujikoroga nayo. Mpaka wenyewe unabaki mwembamba na mkali. Haya yanajirudia kutoka tabaka hadi tabaka, na ziwa linajijengea ngazi. Ukishusha kipimajoto chepesi kwa waya, kitaonyesha joto lisilobadilika kwa karibu nusu mita, kisha litaruka kwa kiasi ambacho kipimajoto cha hospitali kisingekigundua, kisha litatulia tena. Watafiti wamehesabu mamia ya vidato vya namna hiyo katika mshusho mmoja.

Nadharia ya jambo hili ilianzia kwa wanafizikia wa bahari, akina Henry Stommel mwaka 1956 na Melvin Stern mwaka 1960, kabla vidato vya Kivu havijachunguzwa kwa karibu. Kwa Kiswahili tuiteje? Msambao maradufu ungedanganya, kana kwamba ni ule ule umeongezeka mara mbili. Msambao pacha nao unawafanya wawili hao wafanane, wakati jambo lote linatokana na kutofanana kwao. Mimi huandika msambao wa joto na chumvi. Ni mrefu, lakini anayeusoma kwa mara ya kwanza hahitaji kuuliza.

Hizi ngazi ndizo wanaolifuatilia ziwa wanazoziangalia. Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka, uji wa volkano ukapita katikati ya Goma na kuingia ziwani. Hofu ilikuwa kwamba joto lile lingevuruga matabaka ya chini. Vipimo vilivyofuata vilionyesha hayakuvurugika. Nje ya maji, wakazi wana adui mwingine wa hewa ukaa, na jina lake wanasayansi wa dunia wamelichukua kama lilivyo: mazuku. Gesi hutoka ardhini, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hujikusanya kwenye mabonde usiku usio na upepo. Msambao peke yake hauwezi kuiondoa kabla ya asubuhi; upepo ndio unaoitawanya. Ndiyo tofauti ya maneno mawili niliyoitaja, na huko inamhusu mtoto aliyetumwa kufuata mbuzi alfajiri.

Wahandisi wa kemia nao wana hesabu yao na mraba ule ule. Kwenye jukwaa la KivuWatt, linaloelea upande wa Karongi nchini Rwanda, maji huvutwa kutoka kina cha mita 350 hivi, na gesi yake huzalisha megawati 26 za umeme. Pampu inahitajika mwanzoni tu. Maji yakipanda, shinikizo hupungua, mapovu huzuka, na mapovu huyafanya maji ya bombani kuwa mepesi yajipandishe yenyewe. Lakini molekuli ya methani iliyo majini lazima ifike kwenye povu, na hatua ya mwisho, kuvuka utando mwembamba wa maji unaolizunguka povu, ni msambao mtupu. Utando ukipungua unene kwa nusu, muda hupungua kwa robo tatu. Mapovu madogo mengi, basi, ni bora kuliko makubwa machache. Baada ya hapo gesi huoshwa kwa maji: hewa ukaa huyeyuka humo kwa urahisi zaidi kuliko methani, na methani inabaki.

Ubishi mkubwa ulihusu maji yaliyokwisha kutolewa gesi: yarudishwe kina gani? Yakirudi yalikotoka, yanaizimua hazina ya gesi iliyobaki. Yakiachiwa juu zaidi, yanaweza kudhoofisha mpaka mkuu unaoshikilia maji mazito ya chini. Na yakimwagwa karibu na uso wa ziwa, hupeleka gesi iliyosalia na virutubisho vya chini hadi kwenye maji ya sambaza na wavuvi wake.