Nani Anashika Pishi?

Mama yangu hakuupenda ugali wa mahindi ya njano. Watu wa rika lake waliyaita mahindi hayo "Yanga" kwa sababu ya rangi yake, na waliyala katika miaka ya uhaba, nafaka ya Marekani ilipoletwa kuziba pengo la chakula nchini. Lakini kila alipotusimulia habari za foleni zile, hakulalamikia ladha. Alisema, "Siku za unga wa foleni, hukuthubutu kubishana na balozi wa nyumba kumi." Orodha ya kaya ilikuwa mikononi mwa balozi, na balozi alikuwa mtu wa chama.

Huikumbuka kauli hiyo ninapofundisha historia ya msaada wa chakula huko huko yalikotoka mahindi yale. Wanafunzi huingia darasani wakidhani swali ni moja tu: je, serikali iwalishe maskini, au kufanya hivyo ni kuwadekeza? Historia ya Marekani inaibua swali jingine, ambalo kwangu lina uzito zaidi: nani ana uwezo wa kufunga ghala, na akilifunga atawajibika kwa nani?

Tuanze na kaunti ya Leflore, jimboni Mississippi. Katika zama zile serikali kuu ilinunua ziada ya mazao ili kulinda bei za wakulima, kisha ikagawa unga, mchele na maziwa ya unga kwa maskini. Chakula kilikuwa cha serikali kuu, lakini uamuzi wa kukipokea na kukigawa ulikuwa wa kaunti. Rais John F. Kennedy alipoingia madarakani, amri yake ya kwanza ya kiutendaji, Januari 1961, ilikuwa ya kuongeza mgao huo. Hata hivyo, amri ya Rais haikuweza kuruka kizingiti cha halmashauri ya kaunti.

Mwaka 1962 vijana wa SNCC, akiwamo Sam Block na Bob Moses, walifika Greenwood, makao makuu ya Leflore, kuwahamasisha Wamarekani Weusi wajiandikishe kupiga kura. Weusi walikuwa wengi katika kaunti hiyo, ila walioandikishwa walihesabika kwa urahisi. Majira ya baridi yalipokaribia, msimu ambao vibarua wa pamba hawakuwa na ujira, halmashauri ilisitisha mgao. Sababu iliyotolewa ilikuwa gharama. Watu wapatao 22,000, wengi wao Weusi, waliachwa bila chakula hicho.

Walioamua hivyo walitarajia njaa ifundishe utii. Kilichotokea ni kinyume chake. Misaada ilikusanywa katika miji ya kaskazini, na mchekeshaji Dick Gregory akakodi ndege kusafirisha shehena ya chakula. Mtu aliyekuja kuchukua unga alielewa, pengine kwa mara ya kwanza, uhusiano kati ya sahani yake na kura aliyonyimwa. Mapema 1963 mamia walipanga foleni mahakamani Greenwood kutaka kuandikishwa. Serikali kuu ilitia shinikizo, na mgao ukarejeshwa.

Sheria ya Stempu za Chakula ya 1964 ilikuwa hatua mbele, lakini ilikuwa na kasoro mbili. Kaunti bado iliweza kuukataa mpango, na familia ililazimika kutoa fedha taslimu ili ipate stempu. Asiye na senti alibaki nje. Kasoro ya kwanza iliondolewa mwaka 1974, mpango ulipotakiwa kufika nchi nzima. Ya pili iliondolewa na sheria ya 1977, ambayo maseneta George McGovern wa Democratic na Bob Dole wa Republican waliipigania pamoja. Hapo ndipo hisani ilipoanza kufanana na haki.

Haki hiyo nayo imekuwa ikimegwa. Mwaka 1981 bajeti ya Ronald Reagan iliipunguza. Mwaka 1996 Bill Clinton alitia saini sheria iliyowawekea watu wazima wasio na wategemezi kikomo cha miezi mitatu ya msaada katika kila miaka mitatu, wasipotimiza sharti la kazi. Sheria iliyosainiwa na Donald Trump tarehe 4 Julai 2025 imepandisha umri wa wanaobanwa na sharti hilo hadi miaka 64. Aidha, kuanzia mwaka wa fedha 2028, majimbo yenye viwango vya makosa ya malipo vya asilimia 6 na zaidi yatatakiwa kuchangia asilimia 5 hadi 15 ya gharama za chakula chenyewe.

Kipengele hicho cha mwisho ndicho kinachonirudisha Leflore. Jimbo lililobebeshwa mzigo litakuwa na neno lile lile mdomoni: gharama. Tumeshaonjeshwa pia jinsi mlango unavyoweza kufungwa kutoka juu. Novemba 2025, shughuli za serikali ziliposimama kwa mvutano wa bajeti, watu takriban milioni 42 waliingia mwezi mpya bila malipo yao, na mahakama zikalazimika kuingilia kati.

Sisemi kwamba sheria hushibisha, wala kwamba kila anayetaka masharti ana nia mbaya. Fedha ya umma yapaswa kulindwa. Ninachosema kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, hasa wanaoshughulikia orodha za kaya maskini, ni hiki: kabla ya kuuliza mpango umewafikia wangapi, ulizeni kama aliyeondolewa kwenye orodha anaelezwa sababu, na kama anaweza kukata rufaa kwa mtu mwingine asiye yule aliyemwondoa.

Mama alikula Yanga na akatulea. Alichomeza kwa shida ni maneno ambayo hakuweza kumwambia balozi.