Dinamo na Altaneta katika Barabara za Mlima Kenya

Msomaji, ukipita Nyeri au Nanyuki ukakuta Land Rover ya miaka ya 1950 ingali ikienda, usitazame mabati yake tu. Mwombe mwenyewe aifunue boneti. Yamkini utaona kwamba kile kitu cheusi, kirefu kama mkebe, kilichokuwa kikizungushwa na mkanda wa feni, hakipo tena. Mahali pake pana kingine kifupi na kinene, chenye matundu ya hewa. Kilichoondoka ni dinamo, kilichoingia ni altaneta.

Asili ya vyote viwili ni moja. Mwaka 1831, huko Uingereza, Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya, umeme huzaliwa katika waya. Ndani ya dinamo waya ndizo zizungukazo, na umeme wote hutolewa humo kwa vipande vya kaboni visuguanavyo na shaba. Kwa hiyo haivumilii kuzungushwa mbio mno, na injini ikienda polepole haitoi kitu cha maana. Altaneta imegeuza mambo: sumaku huzunguka, na waya zitoazo umeme zimetulia. Walakini umeme wake huenda na kurudi, na betri haiukubali mpaka unyoshwe uelekee upande mmoja. Kazi hiyo ilingoja daiodi ndogo za silikoni, ndipo kampuni ya Chrysler ya Marekani ikaitia altaneta katika Valiant ya mwaka 1960.

Sasa fikiri usiku wa Aprili, mvua za masika zikinyesha, katika barabara ya zamani ya Embu kwenda Meru, iliyoshuka na kupanda mabonde ya mito itokayo mlimani. Taa zimewaka, waipa zinafanya kazi, na motokaa imenasa topeni ikingoja kuvutwa. Umeme unapohitajiwa zaidi ndipo dinamo hulala, na betri huliwa mpaka taa zikawa nyekundu kama makaa. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalikutana na mvua hizo wakati wa Pasaka. Mwaka 1963 motokaa 84 ziliondoka, zikafika 7 tu. Sisemi kwamba dinamo ndiyo iliyozishinda. Tope peke yake lilitosha.

Kubadilisha si kufungua na kufunga bolti tu. Motokaa nyingi za Kiingereza za wakati ule, Land Rover na Morris Minor zikiwamo, zilifungwa ncha chanya ya betri kwenye chesisi, kinyume cha desturi ya leo. Taa hazijali, wala stata haijali. Lakini daiodi za altaneta huungua mara moja. Basi hapana budi fundi ageuze betri kwanza, abadilishe na waya za koili, akiondoe kile kisanduku kilichoiongoza dinamo, kisha avute waya nene zaidi hadi kwenye betri.

Wako wasemao kwamba motokaa iliyofanyiwa hivyo imepoteza ukale wake. Mimi siafikiani nao. Motokaa hizi zilinunuliwa zifike Karatina siku ya soko na Othaya wakati wa matope, wala hazikununuliwa ziwekwe nyumba ya makumbusho. Hata hivyo, dinamo iliyotolewa isiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Nyingi zilitengenezwa na Lucas wa Uingereza, nao walikuwa wakigonga tarakimu kwenye ganda lake. Ukikwangua kutu na mafuta yaliyogandamana, utausoma mwaka ilipotengenezwa.