Mashua Iliyosafiri Mabegani mwa Watu

SOMO LA HISTORIA

Kama hukupata kulisikia somo hili katika redio, au ulisikia nusu yake tu, hapa utalisoma lote kwa nafasi yako. Soma polepole. Neno likikushinda, litazame mwisho wa somo, kwani maneno magumu yameelezwa huko.

Leo tutazungumza juu ya vyombo vya majini. Labda utauliza, "Sisi watu wa Shinyanga tuna shughuli gani na vyombo vya majini? Kwetu ni ng'ombe, pamba na mtama. Ziwa liko mbali." Ni kweli. Lakini mwaka 1875 mashua ya mbao, yenye tanga na usukani, ilipita katika nchi ya Wasukuma. Haikupita mtoni wala ziwani. Ilipita juu ya nchi kavu, mabegani mwa watu.

Chombo kilichokatwa vipande

Kwanza tufahamu jambo moja. Katika nchi nyingi wako watu wanaopenda kuunda merikebu ndogo za mbao kwa kujifurahisha. Mtu huenda dukani akanunua sanduku. Akilifungua haoni merikebu. Huona vibao, vijiti, nyuzi na kitambaa cha tanga, pamoja na karatasi ya maelezo. Kila kipande kina nambari yake. Huanza kwa kulaza mkuku, ambao ni kama uti wa mgongo. Kisha husimamisha mataruma, ambayo ni kama mbavu. Kisha hugandisha mbao juu ya mataruma, kama ngozi juu ya mbavu. Mwisho husimamisha mlingoti na kufunga tanga. Akiruka nambari moja, atalazimika kubomoa na kuanza tena.

Sasa fikiri chombo cha namna hiyo, lakini si kidogo cha kuweka mezani. Fikiri mashua ya kweli, yenye urefu wa futi 40, yaani kama mita 12. Upana wake futi 6, na kina chake inchi 30. Mashua hiyo iliundwa mwaka 1874 huko Teddington, kando ya mto Thames katika Uingereza, na fundi aitwaye James Messenger. Mbao zake zilikuwa za mwerezi, nyembamba kuliko unene wa kidole. Iligawanywa vipande vitano, kila kimoja futi 8. Chukua kalamu yako uhesabu: 8 mara 5 ni 40. Vipande vyote vikiunganishwa, mashua ni kamili.

Mwenye mashua alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari. Alitumwa na magazeti mawili, moja la London na moja la New York. Mashua aliita Lady Alice, kwa jina la msichana wa Marekani aliyemchumbia. Mwaka 1876, Stanley akiwa bado safarini, msichana huyo aliolewa na mtu mwingine, na jina lake likaendelea kusafiri katika nchi asiyoijua.

Kwa nini waliibeba?

Utauliza tena, "Kwa nini wahangaike kubeba mashua kutoka pwani? Je, watu wa ziwani hawakuwa na vyombo?" Walikuwa navyo. Waganda walijua kuunda mitumbwi mirefu kwa kushona mbao kwa kamba za miti, bila msumari hata mmoja. Vilevile kulikuwa na mfanyabiashara wa pwani aitwaye Songoro, aliyekuwa akiunda jahazi Ukerewe. Lakini kuunda chombo kipya kulitaka miti, misumeno, misumari na muda mrefu. Stanley alikuwa na haraka, tena hakutaka kutegemea chombo cha mtu mwingine.

Jambo alilotaka kulijua lilikuwa hili. Mnamo Agosti 1858 Mwingereza aitwaye Speke alifika karibu na Mwanza, akaiona Nyanza. Alisema kwamba maji yale ni ziwa moja kubwa, na kwamba mto Nile watoka humo. Wenziwe Ulaya walibisha. Wengine walisema si ziwa moja, ni maziwa mengi madogo. Watu waliokaa kando ya Nyanza hawakuwa na shaka juu ya maji yao, lakini hakuna aliyewauliza na kuyaandika majibu yao kwa ukamilifu. Njia moja ya kumaliza ubishi ilikuwa kulizunguka ziwa zima kwa chombo.

Wakati ule hapakuwa na reli wala barabara. Punda, farasi na ng'ombe wa kuvuta magari walikufa njiani kwa sababu ya mbung'o. Kila kitu kilichokwenda bara kilikwenda kichwani au begani mwa mtu. Ndiyo sababu wapagazi walikuwa watu wakubwa katika biashara ya nchi hizi. Wanyamwezi na Wasukuma walijulikana sana kwa kazi hiyo. Kijana aliyekwenda pwani na kurudi salama alihesabiwa kuwa mwanamume.

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama ratli 60 au 70. Lakini vipande vya mashua vilikuwa vizito kupita kiasi, tena vipana mno kwa njia nyembamba za porini. Basi huko Unguja fundi mmoja alipewa kazi ya kuvikata tena, ili viweze kupita kati ya miti. Wakachaguliwa wanaume wenye nguvu kuliko wote, nao wakabeba kwa kupokezana.

Safari ya siku 103

Msafara uliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Watu walikuwa 356. Wengi wao walikuwa Waungwana wa Unguja na Wanyamwezi, na mkuu wao alikuwa Manwa Sera. Wako wanawake na watoto pia. Wazungu walikuwa wanne tu: Stanley, ndugu wawili Frank na Edward Pocock, na Frederick Barker.

Walipita Ugogo wakati wa mvua, kisha wakageuka kwenda kaskazini. Hapo taabu zikazidi. Chakula kikawa haba, na wengine wakafa kwa njaa. Mnamo Januari 1875 Edward Pocock alikufa kwa homa. Siku chache baadaye, katika nchi ya Wanyaturu, mahali paitwapo Vinyata, palitokea vita. Zaidi ya watu 20 wa msafara waliuawa. Wanyaturu nao walipoteza watu, na nyumba zao zikachomwa moto.

Baada ya hapo wakavuka Iramba, wakaingia Usukuma. Wakafika Usiha, ambayo wenyeji huiita Busiya, katika nchi ya Kishapu ya leo, mashariki ya mji wa Shinyanga. Wewe unayekaa huku waijua nchi hiyo: mbuga pana, majani mazuri ya ng'ombe, na mawe makubwa yaliyopandana. Stanley aliisifu sana katika kitabu chake. Watu waliokuwa na njaa walipata chakula cha kununua. Fikiri basi mchungaji wa siku zile, amesimama na ng'ombe wake, akiona watu wakipita na kipande cha mashua mabegani, na mbele yao hakuna maji.

Tarehe 27 Februari 1875 waliiona Nyanza. Walifika Kageye, kijiji kilicho kando ya ziwa katika Wilaya ya Magu ya sasa. Walikuwa wamesafiri siku 103, na mwendo wao ulikuwa kama maili 720, yaani zaidi ya kilometa 1,100. Katika wale watu 356, zaidi ya mia moja hawakufika. Wengine walikufa, wengine walitoroka.

Lakini mashua ilifika yote. Vipande vikaunganishwa, nyufa zikazibwa, na siku tisa baadaye, tarehe 8 Machi, Lady Alice ikatiwa majini.

Yaliyotokea ziwani

Stanley alichukua mabaharia 11 tu. Mshika usukani alikuwa Safeni. Walizunguka ziwa kwa siku 57. Mnamo Aprili walifika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda. Waliporudi Kageye mwezi wa Mei, ubishi ulikwisha: Nyanza ni ziwa moja, nao Nile watoka humo kwa upande wa kaskazini. Lakini Barker hakuwapo kuwapokea. Alikuwa amekufa kwa homa hapo Kageye mwezi uliopita.

Historia ya kweli haifichi mabaya. Njiani, katika kisiwa cha Bumbire, watu wa kisiwa waliikamata mashua wakaivuta nchi kavu, wakachukua makasia yake. Mabaharia walipoisukuma tena majini hawakuwa na kitu cha kuvutia. Wakang'oa mbao za kukanyagia zilizokuwa ndani ya mashua, wakazifanya makafi, wakaokoka. Katika kuondoka kwao Stanley aliwapiga risasi watu wa kisiwa. Mnamo Agosti alirudi na mitumbwi mingi na bunduki nyingi, akawapiga watu waliokuwa pwani ya kisiwa, na wengi wakafa. Hata huko Uingereza walikuwapo watu waliomlaumu kwa jambo hilo. Ramani ya ziwa letu ilipatikana, lakini ilipatikana kwa damu pia.

Baada ya hapo mashua ilifumuliwa tena, ikabebwa mpaka Ujiji. Mwaka 1876 ikazunguka Ziwa Tanganyika. Kisha ikateremka mto Kongo, mshika usukani akiwa Uledi, ambaye aliokoa wenziwe wengi wasife maji. Mwisho wa Julai 1877, karibu na mwisho wa safari, mashua iliachwa juu ya mwamba kando ya mto. Ilikuwa imebebwa na kuelea karibu miaka mitatu.

Vyombo vingine vya vipande

Lady Alice haikuwa ya mwisho. Mashua ya wamisionari, jina lake Daisy, nayo ilibebwa kwa vipande mpaka Kageye. Mwaka 1878 Alexander Mackay aliikarabati, akasafiri nayo. Dhoruba ikaivunja pwani ya magharibi ya ziwa. Mackay hakukata tamaa. Aliondoa sehemu ya katikati, akatumia mbao zake kuziba matobo ya mbele na nyuma, kisha akaunganisha pande mbili zilizobaki. Mashua ikawa fupi, lakini ikafika Buganda mnamo Novemba.

Baadaye zikaja meli za chuma. Meli ya William Mackinnon iliundwa Uingereza, nayo ikatiwa majini Kisumu mwaka 1900. Meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafumuliwa na kutiwa katika masanduku kama 5,000. Reli ikayapeleka Kigoma, na meli ikatiwa majini mwaka 1915. Ndiyo hiyo iliyozamishwa mwaka 1916, ikainuliwa mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 yaitwa Liemba. Meli ya Victoria nayo ilitoka Glasgow kwa vipande, ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka 1961. Na mnamo Februari 2023 meli yenye urefu wa zaidi ya mita 92, ya kuchukua abiria 1,200, ilitiwa majini Mwanza. Hiyo iliundwa hapo hapo Mwanza, na mafundi Watanzania walikuwa katika kazi hiyo.

Jambo la kukumbuka

Ndugu msomaji, jina la Stanley limo katika vitabu vyote vya safari hizi. Jina la msichana wa Marekani limo, hata jina la fundi wa Teddington limo. Manwa Sera, Safeni na Uledi pia wamo, kwa sababu Stanley aliwataja. Lakini wengi katika wale waliobeba mashua begani kutoka Bagamoyo mpaka Nyanza hawana jina leo. Hawakukosa jina walipokuwa hai. Walikuwa na mama zao na wake zao, nao waliitwa kila siku. Wengi wao hawakujua kuandika, na aliyejua kuandika alikuwa na mambo yake mwenyewe ya kuandika.

Wewe sasa wajua kuandika. Labda babu yako alifanya kazi ya upagazi, au alijenga reli iliyofika Mwanza mwaka 1928, au alichimba almasi Mwadui au dhahabu Geita. Muulize mzee wa nyumbani kwako angali hai. Andika jina lake, kazi yake na mahali alipofanyia kazi. Daftari la shule latosha.

Maneno magumu

Mkuku: mti mrefu wa chini, ambao chombo chote husimama juu yake.
Mataruma: miti iliyopindika ya ubavuni mwa chombo.
Mlingoti: mti mrefu wa kubebea tanga.
Makasia: miti ya kuvutia mashua, hushikizwa ubavuni mwa chombo.
Makafi: vibao vya kupigia maji, hushikwa mkononi tu.
Kufumua: kufungua kitu kilichounganishwa.

Maswali

1. Lady Alice ilikuwa na vipande vingapi, na kila kimoja kilikuwa na urefu gani?
2. Kwa nini mizigo haikuchukuliwa na wanyama?
3. Msafara ulitoka Bagamoyo tarehe gani, na ulifika Kageye tarehe gani?
4. Mabaharia walitumia nini walipokosa makasia Bumbire?
5. Andika mistari mitano juu ya kazi aliyoifanya mzee mmoja wa nyumbani kwako. Usisahau jina lake.