Kontena na Mlango: Asili ya Istilahi Mbili
Mwaka 1956 meli Ideal X ilichukua makontena 58 kutoka Newark hadi Houston, Marekani. Docker ilipotolewa hadharani mwaka 2013, jina hilo lilikwisha kuhamia katika kompyuta: programu hufungwa pamoja na mahitaji yake. Hapo mfasiri hutegwa. Kiingereza hutamka sawasawa bandari na njia ya mawasiliano ya kompyuta, ilhali asili ni mbili: Kilatini portus, bandari, na porta, lango. Tukisema bandari, fundi hupotea. Tukisema mlango, hitilafu yajieleza: programu isikilizayo anwani 127.0.0.1 imefungua mlango wa chumbani tu. Mgeni hugonga bure mpaka isikilize 0.0.0.0, na mlango wa nje uunganishwe na wa ndani. Istilahi sahihi humwonyesha fundi pa kuanzia.