Kufungwa kwa Mashada, Januari 2008

Januari 2008 nilikuwa mtoto mdogo Budondo, upande wa Jinja. Ninachokumbuka ni pikipiki za bodaboda zimesimama tu senta kwa kukosa petroli. Mafuta yetu hupitia Kenya, na njia ilikuwa imezibwa na ghasia zilizofuata kutangazwa kwa Mwai Kibaki kuwa mshindi wa urais tarehe 30 Desemba 2007. Wakenya waliokimbia walivuka Busia na Malaba, na baadhi yao wakapewa hifadhi Mulanda, wilayani Tororo. Nilipoanza kusoma historia ya programu huria ndipo nikajua kwamba vita vile vilipiganwa pia kwenye intaneti.

Mashada lilikuwa baraza la Wakenya mtandaoni. Mwendeshaji wake alikuwa David Kobia, Mkenya aliyekuwa akiishi Marekani. Baada ya uchaguzi, mabishano ya siasa yaligeuka kuwa matusi ya kikabila. Msimamizi wa baraza kama hilo anaweza kufuta ujumbe mmoja mmoja, au kumfungia mkorofi mlango. Njia hizo zinafaa wakorofi wakiwa wachache. Wakiwa wengi, unayemtoa saa nne anarudi saa tano kwa jina jingine. Mwishoni mwa Januari Kobia alilifunga baraza lote, kisha akafungua tovuti ambayo Wakenya waliitumia kusema kwamba hawana kabila.

Je, alikosea? Wenzangu darasani walisema aliwaadhibu wasio na hatia, na kwa kweli wapo walioingia pale kutafuta habari tu. Mimi simlaumu. Nimewahi kusimamia kundi la WhatsApp la wanafunzi, tena dogo, na mtu mmoja mwenye matusi alitosha kunikosesha usingizi wiki nzima.

Linalonivutia zaidi ni kwamba katika siku hizohizo Kobia alikuwa akijenga kitu kingine. Mapema Januari Ory Okolloh alikuwa ametoa wito wa kuweka kumbukumbu za ghasia kwenye ramani, na Kobia, Erik Hersman na Juliana Rotich wakashirikiana naye. Wakaiita Ushahidi. Mtu alituma taarifa kwa simu au kompyuta, lakini kabla haijaonekana kwenye ramani ilisomwa na msimamizi. Hapa mlango uliwekwa mbele. Mashada lilikuwa likifagiliwa baada ya uchafu kumwagwa.

Baadaye Ushahidi ilitolewa kuwa programu huria, na hapa lazima tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Leseni huria haimbagui mtumiaji: hata aliyetukana kwenye Mashada angeweza kuichukua programu ile bure na kuibadilisha apendavyo. Lakini leseni haimpi kiti katika kikao cha wanaoiandika. Kumtoa mtu kikaoni hakumnyang'anyi programu, kwa hiyo wanaolia kwamba kanuni za adabu zinaua uhuru wa programu huria wanalilia kitu ambacho hakijaguswa.

Jumuiya nyingi zilichelewa kulikubali hilo. Kanuni ya maadili aliyoiandika Coraline Ada Ehmke mwaka 2014 ilienea polepole, na Linux iliandika kanuni iliyotokana na hiyo Septemba 2018 tu. Mwezi huohuo Linus Torvalds, mwanzilishi wake, aliomba radhi kwa barua zake za ukali kwa waandishi wenzake, akapumzika kwa wiki chache. Kumbe mkorofi huweza kuwa mwenye nyumba mwenyewe, na huyo nani atamfungia mlango? Kobia angalau hakuwa na shida hiyo.

Makubaliano ya amani yalitiwa sahihi Nairobi tarehe 28 Februari 2008, na malori ya mafuta yakaanza tena kuja kwa wingi upande wetu. Ushahidi iliendelea kusafiri. Januari 2010, baada ya tetemeko la ardhi Haiti, programu hiyohiyo ilitumika kuonyesha kwenye ramani mahali watu walipohitaji msaada, na huko pia wapo waliokaa wakisoma kila ujumbe kabla haujawekwa.