Nahodha wa Nchi Kavu

Ruangwa haina bahari, ila nahodha inaye. Namungo FC, timu ya soka ya huko, ikicheza pale Uwanja wa Majaliwa, utamwona kajifunga kitambaa mkononi, anasubiri mwamuzi arushe sarafu. Neno nahodha limetoka Uajemi: "nav" ni chombo, "khuda" ni bwana. Bwana wa jahazi, basi, ambaye leo jahazi lake ni wachezaji 11.

Wapo wanaomwita kapteni. Hili tumelitoa kwa Waingereza, tukidhani ni la mabaharia. Asili yake ni Kilatini, "caput", yaani kichwa. Na kwa Kiingereza lilianza kwa wakuu wa vita, vyombo vikafuata. Ukienda Nachingwea, mji wa wanajeshi, ambako hata wapiganaji wa ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, walipata mafunzo, kapteni ni mwenye nyota tatu begani. Mwenzake wa jeshi la majini la Uingereza ni mkubwa zaidi, sawa na kanali!

Mimi nachagua nahodha. Kapteni abaki kambini na kwenye ndege; uwanjani, mtu anayewatuliza wenzake timu ikiwa nyuma bao moja ameshika usukani hasa.