Mdomo wa Sululu

Wakaao pwani humwita ndege mmoja sululu, jina lile lile la chombo cha kuchimbia. Ukiutazama mdomo wake mrefu, uliopinda kuelekea chini, msomaji, hutauliza sababu. Nduguye mdogo, kitwitwi, ana mdomo mfupi ulionyoka. Huyu hata sisi wa Myanga, tulio mbali na bahari, twaweza kumwona kandokando ya mto Nzoia akitikisa mkia.

Amwonaye sululu akichoma tope aweza kudhani kuwa anabahatisha. Sivyo. Ndege wa jamaa hii waweza kuinua ncha ya taya la juu peke yake, hali mdomo uliobaki umefumba. Hivyo humnasa mnyoo chini kwa chini. Mwaka 1998 Theunis Piersma wa Uholanzi na wenzake walieleza ajabu nyingine: ndege mmoja wa jamaa hiyo aligundua hata mawe madogo yaliyofukiwa katika mchanga wenye maji. Mdomo uchomapo, maji yaliyo kati ya chembe za mchanga husukumwa. Kitu kigumu huyazuia, na ncha ya mdomo huihisi tofauti hiyo.

Basi, ustadi huo wategemea unyevu. Hori la Mida, karibu na Watamu, limo katika hifadhi ya bahari iliyowekwa mwaka 1968, na kila mwaka hupokea ndege wageni watokao mpaka Siberia. Siku watakapolikuta tope limefukiwa au limekauka, mdomo wao utakuwa fimbo tu. Atakaye kumhifadhi ndege, na alihifadhi kwanza tope lake.